Mawe ya Mgongoni

Wangui hakuwa na kaburi. Alizikwa mwaka wa hamsini na tano, enzi za Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, nje ya mtaro uliozunguka kijiji, yeye na wengine ambao hakuna aliyeandika majina yao. Baadaye pale pakapandwa kahawa, kahawa ikang'olewa, yakajengwa maduka. Leo ukisimama pale ukauliza, utaonyeshwa duka la simu na kinyozi. Kwa hiyo binti yake, Wachuka, ambaye sasa alikuwa na miaka sabini na minane na magoti yasiyopenda kupanda kilima, alipotaka kumwona mama yake alikwenda shuleni.

Alikwenda kila mwaka, mwezi wa nne, watoto wakiwa wamefunga shule. Alimsalimu askari wa geti, akazunguka nyuma ya jengo la zamani mpaka kwenye madarasa manne ya mwisho, yale yanayoutazama Mlima Kenya. Chini ya dirisha la tatu, safu ya pili kutoka ardhini, kulikuwa na jiwe lenye mshipa mwekundu uliopita mshazari kama kovu. Aliliwekea kiganja. Alisimama hivyo kwa muda ambao sufuria ya chai ingechukua kuchemka, halafu akarudi nyumbani. Hakuomba wala hakulia.

Hilo ndilo jiwe Wangui alilokuwa amebeba siku alipoanguka.

Shule yenyewe ilikuwa ya misheni, na sifa zake zote zilikwenda kwa mtu ambaye hakuwahi kuiona. Mzungu mmoja aliyeitwa Tarbet, mchoraji wa majengo katika jimbo moja la baridi huko kwao, alichora shule za vijiji vya jimbo hilo miaka ya elfu moja mia nane na kitu, akafa. Wamisionari waliotoka jimbo hilohilo wakaja na michoro yake ndani ya sanduku la bati, wakajenga juu ya kilima upande wa Nyeri vilevile ilivyochorwa, bila kubadilisha chochote. Ndiyo maana paa la shule limesimama wima namna ile: lilichorwa ili theluji iteleze ishuke. Theluji ya huku iko juu kwenye Mlima na haijawahi kumtembelea mtu, lakini paa liko tayari, linaingoja zaidi ya miaka mia moja. Kuna madirisha membamba yenye ncha juu, kuna mnara mdogo wa kengele, kuna milango mirefu ambayo watoto wa darasa la kwanza huisukuma kwa mabega.

Mchoro wa Tarbet ulikuwa na pande nne. Wamisionari wa kwanza walijenga tatu, wakachoka au wakaishiwa, ule wa nne, wa yale madarasa manne, ukabaki kwenye karatasi miaka arobaini na kitu. Ulikuja kujengwa wakati wa Emajensi, wanaume wakiwa kizuizini au msituni, na wanawake wakiwa wamefungiwa kijijini kama kuku. Kila asubuhi homgadi, askari wenyeji wa mkoloni, walipiga filimbi, wanawake wakapangwa mstari, wakapelekwa mtoni ambako mawe yalichongwa, wakayapandisha kilimani kwa mukwa. Mukwa ni ule ukanda wa ngozi: unauzungusha kwenye mzigo mgongoni, halafu unauvalisha kwenye paji la uso, na shingo ndiyo inayofanya kazi. Mwanamke aliyebeba miaka mingi alikuwa na mfereji kwenye paji, ungeweza kulaza kidole ndani yake. Wangui alikuwa nao. Wachuka, msichana wa miaka kumi, alikuwa akibeba maji ya kukorogea udongo na saruji, na aliona.

Aliona mvua ilivyolainisha njia. Aliona mguu wa mama ukiteleza, jiwe likivuta nyuma, na mukwa ukitoka kwenye paji ukashuka shingoni. Jiwe lilikwama chini, na mama akaning'inia juu yake, ukanda ukimkaba. Homgadi alipiga kelele kwamba mstari usisimame. Msichana mmoja aliyekuwa nyuma, Beth, ndiye aliyeufungua ule ukanda, akaambiwa sasa hilo jiwe ni lake, akalifunga juu ya lile alilokuwa nalo, akalipandisha. Wangui alikaa siku tisa, akafa.

Sasa mwaka jana, mwezi wa kumi, mwalimu mkuu, Bwana Peterson Gathogo, alitangaza kanisani kwamba Alhamisi angekuja mtaalamu wa majengo ya kale kutoka Nairobi. Kama serikali ingekubali kuiandika shule kuwa jengo la kihistoria, hakuna mtu angeruhusiwa kuondoa hata jiwe moja. Kungekuwa na bamba la shaba ukutani lenye maelezo. Wazee wenye kujua historia waje waseme.

Wachuka alitoka kanisani akaenda moja kwa moja kwa Beth, ambaye sasa waliomheshimu walimwita Mama Wambugu. Alikuwa ameketi juani akichambua maharagwe kwenye ungo, kwa vidole, maana jicho moja lilikuwa limekufa na la pili lilikuwa njiani.

"Umesikia?" Wachuka akasema. "Ati kutaandikwa majina."

"Majina ya nani?"

"Ndiyo nataka kwenda kuwaambia. Wasiandike ya huyo mzungu peke yake."

Beth akatupa harage bovu kwa kuku. "We msichana," akasema. Alikuwa amemzidi Wachuka miaka tisa na hakumwachia asahau. "Tangu utoto ulikuwa hivi. Unatumwa maji, unarudi na habari, debe liko nusu."

"Debe langu lilikuwa linajaa, Mama Wambugu."

"Lilikuwa nusu. Fundi alikuwa ananung'unika." Akachambua kidogo. "Hawa watu wanasema shule yote ni ya mzungu?"

"Yote. Hata upande wetu."

"Basi wacha iwe yake. Kitu ya mzungu hawagusi. Ya wanawake wa mtaro, nani atailinda? Nyamaza, uwe unaenda kuwekelea mkono yako kama kila mwaka."

"Kwa hivyo unajua?"

"Nani hajui? Askari wa geti anakuita shosho, bibi wa kuomba ukuta." Akacheka, halafu akaacha. "Mimi ndio nililibeba lile jiwe. Na mimi sitaki kusema. Wewe ulibeba maji, ndiyo unataka kuhutubia."

Hilo lilimchoma Wachuka, kwa sababu lilikuwa kweli. Alirudi nyumbani bila kumaliza chai. Lakini alikuwa mtu wa kuweka vitu mahali pake. Katika nyumba yake kila kikombe kilikuwa na msumari wake, na kila mtoto aliyezaliwa kwake alijua alizaliwa siku gani, mvua ikinyesha au isinyeshe. Jambo la jengo kuwa na jina la mtu ambaye hakulinyanyulia hata mchanga, na waliolipandisha wasiwe na lolote, lilimkaa rohoni kama kikombe kilichotundikwa pasipo pake. Alhamisi aliamka, akavaa sweta ya kijani, akatoa kwenye msumari mukwa wa mama yake, ule uleule, ngozi ikiwa nyeusi na laini kwa miaka sabini ya kupakwa mafuta, akaukunja ndani ya kiondo.

Mtaalamu alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenyeji wa Bungoma, jina lake Nasirumbi. Alikuwa na kifaa cha kupima kinachotoa taa nyekundu, na msichana yeyote angependa viatu vyake. Bwana Gathogo alikuwa akimzungusha, huku akilalamika njia nzima.

"Shida yetu ni nafasi, Madam. Wanafunzi mia tisa, na hatuna ukumbi. Mvua ikinyesha siku ya wazazi, tunanyeshewa na wageni wetu. Mahali pazuri pa ukumbi ni hapa kwa huu upande wa nne, lakini kwa vile yote ni ya Tarbet..."

"Ikiandikwa hamuwezi kugusa," Nasirumbi akasema. "Na inaonekana yote ni moja. Nimeona nakala ya mchoro, huu upande uko."

"Hapana," Wachuka akasema.

Wakageuka. Alikuwa amesimama nyuma yao, kiondo kikining'inia mkononi.

"Si moja, mwanangu. Kuja nikuonyeshe. Pima hiyo jiwe ya kona, ya upande wa zamani."

Nasirumbi, kwa heshima, akapima. Inchi kumi na nane kwa tisa.

"Sasa kuja upande huu. Pima hii. Pima yoyote unataka."

Kumi kwa saba. Akapima lingine. Kumi na moja kwa saba. Akapima sita, saba, akarudi kona ile, akapima tena.

"Sijawahi kuona hii," akasema taratibu. "Chokaa ya viungo imepakwa juu, kwa mbali zote zinafanana. Shosho, kwa nini ni ndogo?"

Wachuka akatoa mukwa. Akauvalisha kwenye paji lake, ncha zikaning'inia mgongoni, akainama kidogo, na pale, mbele ya mwalimu mkuu na mtaalamu, alikuwa mama yake kabisa.

"Zile kubwa zililetwa na gari ya ng'ombe, kutoka machimbo ya mbali. Hizi zilikuja hivi. Msimamizi alikuwa na kijiti. Fundi akichonga jiwe, anapimia kijiti. Ikizidi, mwanamke atashindwa na mlima, mstari utasimama. Ikipungua, wanasema mnaiba kazi. Kwa hivyo hii yote unaona ni kipimo ya mgongo. Mwaka wa hamsini na tano. Nilikuwa hapa."

Akawaambia yote. Filimbi, mtaro, mvua. Akawapeleka chini ya dirisha la tatu, akawaonyesha mshipa mwekundu, akataja jina, Wangui, na akataja la Beth pia, maana alitaka kila mmoja awe na lake. Nasirumbi aliandika mpaka kalamu ikakauka, akachukua nyingine. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hilo Wachuka hakulisahau. Alimpiga picha akiwa na mukwa kwenye paji, kiganja kikiwa juu ya jiwe.

"Shosho, hakuna kitabu ina hii," akasema. "Umetusaidia sana."

Bwana Gathogo akakohoa. "Kwa hivyo, Madam, niulize tu. Huu upande si wa Tarbet?"

"Mchoro ni wake. Ujenzi ni wa baadaye sana, na vipimo vya mawe havifuati mchoro."

"Na kwa ripoti?"

"Nitaandika ilivyo."

"Sawasawa," akasema Bwana Gathogo. Akamshika Wachuka mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, Mama. Asante sana."

Wachuka alishuka kilima akiwa mwepesi. Alimpitia Beth akamwambia kwamba jina lake pia liliandikwa, kwa kalamu mbili. Beth akasema hakumtuma. Lakini jioni ile alimtumia bakuli la maharagwe, na wote wawili waliona hiyo inatosha.

Ikapita mvua ndogo, ikapita Krismasi, ukaja mwezi wa nne. Wachuka akavaa sweta yake ya kijani, akapanda.

Alisikia kabla hajaona. Ulikuwa mngurumo, halafu mporomoko, halafu kimya kidogo, halafu mngurumo tena. Askari wa geti hakumtazama usoni. "Shosho, leo rudi tu nyumbani," akasema. Wachuka akampita.

Tingatinga la njano lilikuwa limekaa katikati ya darasa la pili kama mwanafunzi mkubwa aliyerudia darasa. Darasa la kwanza lilikuwa limekwisha kuanguka. La tatu na la nne vilevile. Paa la theluji lilikuwa limelala kifudifudi kwenye nyasi. Mawe yalikuwa yamesukumwa pamoja kuwa mlima mmoja wa kijivu, mengi yamevunjika, na upande wa pili lori lilikuwa likiyapokea. Dirisha la tatu halikuwepo. Mahali pake palionekana Mlima wenyewe, wazi kabisa, asubuhi ile hauna hata wingu.

Bwana Gathogo akaja mbio, kofia ya ujenzi ikimchezea kichwani.

"Mama, hapa ni hatari. Simama huku."

"Peterson," akasema Wachuka. Alimjua tangu akiwa mtoto wa kutokwa kamasi. "Ulisema hakuna mtu ataondoa hata jiwe moja."

"Ya Tarbet, Mama. Pande tatu zimeandikwa, na hazitaguswa milele. Huu wa nne ripoti ilisema ni nyongeza, si asili. Kamati ikasema kisichokuwa asili kinaweza kupisha maendeleo." Akashusha sauti, tena kwa upole wa kweli, na huo upole ndio uliouma. "Si mimi nilisema. Wewe mwenyewe ndio ulimwonyesha. Sisi wote tulikuwa tunajua ni moja."

Wachuka alizunguka ule mlima wa mawe. Dereva alizima mashine akawasha sigara, akamwachia, akidhani bibi anatafuta kitu kilichopotea. Aligeuza alichoweza kugeuza. Aliona mawe yenye chokaa, mawe yenye alama za patasi, mawe yote ya kipimo kimoja, kipimo cha mgongo. Aliona mshipa mwekundu mara moja, akapiga magoti, na lilikuwa tope. Lori likajaa. Akauliza mawe yanakwenda wapi. Akaambiwa yanapondwa, yanakuwa kokoto ya uwanja wa kuegeshea magari, pale mbele.

Alipofika nyumbani alitafuta kile kikaratasi chenye nambari ya simu ya Nasirumbi, akakitoa ndani ya Biblia, akapiga.

"Shosho, nimesikia," Nasirumbi akasema. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu ambaye hajalala. "Niliandika kila kitu. Jina ya Wangui, jina ya Beth, kijiti, filimbi. Nilipendekeza ihifadhiwe kama kumbukumbu. Iko ukurasa wa arobaini na moja."

"Na hiyo ya kusema si asili?"

"Hiyo ni ukurasa wa kwanza. Muhtasari inakuwanga pale, ile fupi."

"Nani anafika ukurasa wa arobaini na moja, mwanangu?"

Wachuka akakata simu, si kwa hasira, bali kwa kuwa mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Beth alikuja mwenyewe siku iliyofuata, akiongozwa na fimbo, jambo ambalo hakuwa amelifanya mwaka mzima. Wachuka alijitayarisha kwa maneno. Alikuwa ameyahesabu yote ambayo angeambiwa, na aliyaona ni haki yake. Beth akaketi, akapewa chai, akainywa mpaka chini.

"Debe lako lilikuwa linajaa," akasema.

Hayo tu. Wachuka akaona afadhali angetukanwa.

Ukumbi ulimalizika mwezi wa nane, una paa la kawaida la bati la buluu. Wiki moja kabla ya sherehe ya kuzindua bamba la shaba, mwalimu kijana aitwaye Emmah, aliyehamishiwa pale kutoka Kitale na aliyekuwa hana kosa lolote, alifika kwa Wachuka akiwa na soda mbili na gazeti limekunjwa.

"Shikamoo, shosho. Mwalimu mkuu ameniambia uko na ule ukanda. Tunatengeneza kabati ya kioo pale kwa mlango, ya vitu vya kale. Tungeuweka ndani, na kadi chini yake."

"Kadi inasemaje?"

Emmah akafungua daftari, akasoma kwa sauti ya darasani. "Mukwa. Ukanda wa ngozi uliotumiwa na wanawake wa jadi kubebea kuni."

"Kuni."

"Ndiyo, shosho."

"Huu ulibeba mawe. Ya upande ule wenu ulioanguka. Mwenyewe aliitwa Wangui."

Msichana akatazama daftari, akatazama mlangoni, akatazama daftari. "Mwalimu mkuu alisema tusiweke ile upande, sababu bamba inasema shule yote ilijengwa kwa mawe ya gari za ng'ombe. Wageni wasichanganyikiwe. Lakini naweza kumwuliza, shosho. Kadi ni ndogo tu."

"Na bamba linataja nani?"

"Tarbet. Na mgeni rasmi. Na mwalimu mkuu, chini."

Wachuka akaitikia kwa kichwa. Hakupandisha sauti. Alimwambia anywe soda yake, ni mbali alikotoka, na Emmah akanywa kwa haraka kama aliyepewa dawa. Kisha bibi akainuka, akautoa mukwa kwenye msumari wake. Aliunusa kidogo. Aliupitisha kidole pale katikati, mahali palipopana, palipokaa kwenye paji miaka yote, na ngozi pale ilikuwa nyembamba kuliko kwingine.

Emmah akanyoosha mikono kuupokea.

Wachuka akampita. Akatoka nje, akazunguka nyumba mpaka zizini. Kulikuwa na mtamba mmoja mkorofi, mwekundu, aliyekuwa amekata kamba ya katani mara mbili mwezi ule na kuingia kwenye kabichi za jirani. Bibi akamzungushia mukwa shingoni, akapima nafasi ya vidole viwili ili usimkabe, akafunga ncha kwenye nguzo, fundo lilelile la mzigo alilofundishwa na mama yake.

"Shosho!" Emmah akasema nyuma yake. "Nimwambie nini mwalimu mkuu?"

"Mwambie mukwa uko na kazi."

Mtamba akarudi nyuma kwa nguvu, miguu ikachimba, nguzo ikalia. Ukanda ukajinyoosha, ukakaza, ukashika. Wachuka alisimama pale akiutazama, kwa muda ambao sufuria ya chai ingechukua kuchemka, halafu akaenda kumkatia ng'ombe majani.